Kuifufua Land Rover 109 chini ya Milima ya Upare

Land Rover ya zamani iliyosimama muda mrefu haiharibiwi na umri wake. Huharibiwa na maji yaliyojificha mahali yasipoonekana, vumbi lililopenya kwenye bering, na joto ambalo rejeta imeshindwa kuliondoa. Mambo hayo matatu yamejaa Ndungu, kwenye tambarare iliyo mashariki ya Upare ya Kusini, wilayani Same. Upande mmoja kuna milima inayopanda hadi zaidi ya mita 2,400 kwenye kilele cha Shengena. Upande wa pili kuna nyika ya Mkomazi, iliyokuwa pori la akiba tangu 1951 na ikawa hifadhi ya taifa mwaka 2008. Katikati kuna mkonge na mpunga, pamoja na skimu ya umwagiliaji iliyojengwa kwa msaada wa Japani mwishoni mwa miaka ya 1980, inayotumia maji ya mto Yongoma. Gari la huku huweza kuamkia kwenye tope la majaruba, likashinda kwenye vumbi la barabara ya Kisiwani, na jioni likashuka kutoka milimani na magunia ya tangawizi.

Mpango wa kulifufua hutokana na mazingira hayo. Linalotangulia ni kile kinacholibeba gari, kisha kile kinacholisimamisha, kisha kile kinacholipoza. Nguvu ya injini huja baadaye. Kwenye gereji nyingi mpango huu hupinduliwa, kwa kuwa mwenye gari ana hamu ya kusikia injini ikinguruma. Matokeo yake ni injini mpya iliyofungwa juu ya chesi iliyooza, au gari lenye mbio ambalo halishikiki kwenye kona za kushuka. Hakuna kosa la ghali kuliko hilo katika kazi nzima.

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mwezi Aprili 1948. Uingereza wakati huo ilikuwa na upungufu mkubwa wa chuma baada ya vita, na ndiyo maana bodi yake ilitengenezwa kwa aluminiamu huku chesi ikibaki ya chuma. Uamuzi huo wa shida umeyaokoa magari mengi, kwa kuwa bodi ya aluminiamu huweza kukaa juani na mvuani miaka arobaini ikabaki nzima. Aina inayoonekana zaidi vijijini ni Series III, iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, hasa ile ndefu iitwayo 109, yaani inchi 109 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, sawa na mita 2.77. Kiwanda cha Leyland Kenya kilichoko Thika kiliunganisha Land Rover kwa ajili ya soko la ukanda huu, na kwa sababu hiyo spea na ujuzi vilitapakaa mapema pande zote mbili za mpaka. Gari lenyewe limefungwa kwa bolti karibu kila mahali. Mlango, bonati, hata bawa zima la mbele hutoka kwa spana bila kukata chochote. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuamini kwamba linafufulika.

Ukaguzi wa chesi hufanyika baada ya gari kuoshwa chini kwa maji yenye msukumo hadi tope la mwisho limetoka. Chesi ya Land Rover ni boksi la chuma lenye uwazi ndani, na kutu huanzia ndani kuja nje. Rangi inaweza kung'aa huku chuma kilichobaki ni chembamba kama karatasi. Nyundo ndogo hutoa jibu la haraka: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti nzito na huanza kubonyea. Sehemu za kugongwa kwa makini ni boriti ya nyuma, mikono ya pembeni inayobeba bodi, mahali springi zinaposhikwa, na ukuta wa chuma unaotenganisha injini na abiria, hasa kwenye pembe zake za chini karibu na miguu. Gari lililokaa Ndungu kwa kawaida lina chesi nzuri kuliko lililokaa Tanga au Pangani, ambako hewa ya chumvi hula chuma mwaka mzima. Anayetafuta gari la kufufua na akapewa nafasi ya kuchagua, achukue la bara hata kama injini yake imekufa.

Palipooza panakatwa hadi kukutana na chuma kizima, kisha kipande kipya kinachomelewa. Kubandika bati juu ya kutu ni kuifunikia kutu iendelee kula kwa siri. Kabla ya kuchomelea, betri hutolewa na waya za altaneta huchomolewa, la sivyo umeme wa kuchomelea utaiua altaneta. Tangi la mafuta nalo hutolewa kabisa, maana kwa magari mengi ya aina hii liko chini ya kiti cha mbele, na tangi tupu la petroli lina mvuke unaolipuka kwa urahisi kuliko lililojaa. Baadaye matundu ya kutolea maji kwenye chesi huzibuliwa, na oili nzito hupulizwa ndani. Pale aluminiamu inapokutana na chuma huwekwa mpira au rangi nene katikati, kwa sababu metali hizo mbili zikiguswa na unyevu huanza kulana.

Springi za 109 ni vyuma bapa vilivyopangana. Zilizokaa na mzigo kwa miaka huwa zimenyooka, na zile za upande mmoja huwa zimelala zaidi. Bushi zake huisha kimyakimya, kisha dereva hulalamika kwamba usukani unahama wenyewe. Hapa hakuna fumbo: bushi mpya, pini mpya, yu-bolti mpya, basi. Usukani una kasoro yake yenyewe. Kati ya boksi la stelingi na magurudumu kuna kifaa kilichosimama ndani ya chesi, chenye springi kali ndani yake, ambacho hukauka oili kwa kusahauliwa. Kikikauka, usukani huwa mzito na haurudi wenyewe baada ya kona. Kukijaza oili ni kazi ya muda mfupi. Kukitoa kikiwa kimeshikana na chesi kwa kutu huweza kumaliza siku nzima, na kukifungua bila tahadhari ni hatari, kwa kuwa springi ile huruka kwa nguvu ya kuvunja mfupa.

Breki ndizo zinazostahili muda mwingi kuliko kitu kingine kwenye gari la Upareni. Tambarare ya Ndungu iko takriban mita 500 tu juu ya usawa wa bahari, na vijiji vya juu viko zaidi ya maradufu ya hapo. Kushuka kwa mzigo kwenye barabara ya udongo yenye kona ni kushuka juu ya breki za ngoma kwenye magurudumu yote manne. Mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya unyevu kutoka hewani. Yakikaa miaka mingi huwa yamejaa maji, na yakipata joto la mteremko hutokota ndani ya bomba. Mvuke hubonyezeka, kanyagio huzama hadi chini, na gari haliko tena mikononi mwa dereva. Kwa hiyo hata breki zinazoonekana kufanya kazi hufunguliwa zote. Silinda za magurudumu na ile kubwa ya kwenye kanyagio hubadilishwa au huwekewa mipira mipya. Mipira mirefu ya breki hubadilishwa bila mjadala, kwani huvimba kwa ndani na kuziba huku nje ikionekana salama. Mabomba ya chuma yenye kutu hutengenezwa upya, yale ya shaba nyekundu iliyochanganywa na nikeli yakiwa bora zaidi. Kisha upepo hutolewa, kuanzia gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kubwa.

Kila ngoma ina virekebishio vya kusogeza viatu vya breki. Kwenye 109 magurudumu ya mbele huwa na viwili kila moja. Mara nyingi huwa vimeganda kwa tope na kutu, na fundi mwenye haraka huviacha hivyo. Gari la namna hiyo huhitaji kukanyagwa mara mbili tatu ndipo lishike, na wengi wameishi na hali hiyo hadi wakaamini ndivyo Land Rover zilivyo. Virekebishio vikilegezwa kwa mafuta ya kupenyeza na moto wa kiasi, kanyagio hushika juu kwa mkanyago mmoja. Breki ya mkono haiko kwenye magurudumu. Ina ngoma yake nyuma ya boksi la gia la pili, ikishika propela. Oili ikivuja hapo huilowanisha, kwa hiyo sili ya nyuma ya boksi hubadilishwa kabla ya kuweka viatu vipya. Breki hiyo ni ya kuegesha tu. Kuivuta gari likiwa mwendoni huweza kuvunja difu.

Kwenye ncha za ekseli ya mbele kuna matufe makubwa ya chuma yenye kung'aa, ambayo ndani yake magurudumu hupata nguvu huku yakikata kona. Tope la majaruba likikaukia juu ya tufe huwa msasa. Msasa hukata sili, oili hutoka, maji huingia, na bering za ndani huisha bila kelele. Tufe lililochimbika vidimbwi halizibiki kwa sili mpya. Likifungwa hivyo, uvujaji utarudi baada ya mvua za kwanza. Ni afadhali kununua lingine, au kusubiri fedha ipatikane huku oili ikikaguliwa kila juma.

Maji huingia kwenye difu kwa njia ambayo wenye magari wengi hawaitarajii. Gari likitoka safari ndefu difu zina moto. Likiingia mtoni, mfano Yongoma au Hingilili wakati wa masika, hewa ndani ya difu hupoa ghafla na kusinyaa, nayo huvuta maji kupitia kwenye sili. Kila ekseli ina tundu dogo la kupumulia lililowekwa kuzuia jambo hilo, na karibu kila gari la zamani lina tundu lililozibwa na tope. Kulizibua, na kulirefusha kwa mpira mwembamba hadi juu karibu na bodi, ni kazi ya gharama ndogo inayookoa difu nzima. Oili ya difu ikifunguliwa na kutoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yameshaingia. Humwagwa, difu huoshwa kwa dizeli, hujazwa upya, na humwagwa tena baada ya safari fupi. Watengenezaji waliweka pia kiplagi cha kuziba tundu chini ya nyumba ya klachi, kifungwe kabla ya kuvuka maji marefu na kifunguliwe baadaye ili oili inayovuja isilowanishe klachi. Kwenye magari mengi kiplagi hicho kimepotea zamani. Inafaa kitafutwe.

Gari la Ndungu linalochemsha halina haja ya kushangaza mtu. Joto la tambarare, mizigo, mwendo wa gia ndogo na upepo mdogo vyote huishambulia rejeta kwa wakati mmoja. Lakini Land Rover iliyo nzima haichemshi, hata ikipanda mlima adhuhuri. Ikichemka, kuna kilichoharibika, na kwa kawaida si kimoja. Nje ya rejeta, mapezi huziba kwa mbegu za nyasi na vumbi lililogandishwa na oili. Ndani, mirija huziba kwa chokaa ya maji ya visima na kutu ya bloku. Fundi rejeta huifungua juu na chini, akapitisha chuma chembamba kwenye kila mrija, akaiziba tena kwa risasi. Bloku nayo huoshwa kwa kufungua plagi yake ya pembeni na kusukuma maji hadi yatoke meupe. Matope yanayotoka hapo huweza kujaza kopo. Mipira yote, mkanda wa feni na mfuniko wa rejeta hubadilishwa. Mfuniko uliolegea hupunguza msukumo ndani ya mfumo, na maji yasiyo na msukumo hutokota mapema.

Kuna desturi ya kuitoa thamostati na kuitupa kwa imani kwamba gari litapoa zaidi. Desturi hii inafaa iachwe. Bila thamostati injini huchelewa kufikia joto lake, mafuta hayaungui vizuri, na silinda huisha haraka. Katika baadhi ya injini, kuitoa huacha wazi njia ya mkato inayorudisha maji ya moto kwenye bloku bila kupita kwenye rejeta, na gari huzidi kuchemka mlimani. Maji ya kujazia yawe ya mvua au maji ya betri, yakichanganywa na kulanti.

Ndipo injini hufikiwa. Ile ya kawaida kwenye 109 ina silinda nne na ujazo wa lita 2.25, ya petroli au ya dizeli. Iliyokaa miaka bila kuzungushwa haipigwi stata siku ya kwanza. Plagi hutolewa, mchanganyiko wa dizeli na oili hudondoshewa kila silinda, na huachwa siku kadhaa. Kisha huzungushwa kwa mkono kwa ile hendeli inayopita kwenye bampa ya mbele. Ikizunguka, oili kuukuu humwagwa na mpya huwekwa, takriban lita 6, pamoja na filta mpya.

Kipimo cha kompresheni hueleza mengi kuliko sikio la fundi yeyote. Kinachotafutwa ni usawa: silinda moja ikiwa chini sana ya wenzake ndiyo yenye tatizo. Oili kidogo ikidondoshewa ndani yake na kipimo kikapanda, ringi zimeisha; kipimo kikibaki palepale, shida iko kwenye valvu au gasketi. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, mweusi ni mafuta yanayozidi au hewa inayopungua, na mweupe usiokoma baada ya injini kupata moto, ukiambatana na maji yanayopungua, huelekeza kwenye gasketi ya hedi. Mara nyingi sana hedi iliyochongwa, valvu zilizosagwa upya na gasketi mpya hutosha, bila kugusa pistoni. Tapeti huwekwa uwazi wa milimita 0.25. Injini za petroli za zamani zilitengenezwa wakati petroli ilikuwa na risasi ndani yake, na risasi hiyo ililinda viti vya valvu. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliiondoa kufikia mwisho wa 2005. Kwa hiyo hedi ikifunguliwa ni wakati wa kuwekewa viti vigumu vya valvu za ekzosi.

Wengi huona njia rahisi ni kuitupa injini hiyo na kufunga ya dizeli ya Kijapani. Pale bloku imepasuka, ni uamuzi wa busara. Pale haijapasuka, gharama halisi hujitokeza baadaye: egemeo za kuchomelea, propela ya kurefushwa au kufupishwa, gia boksi iliyotengenezwa kubeba nguvu ndogo, na namba ya injini isiyolingana na iliyoandikwa kwenye kadi ya gari. Namba hiyo lazima isahihishwe kwenye kumbukumbu za usajili, la sivyo kuliuza gari au kudai bima kutakuwa na matatizo.

Mafuta na umeme havihitaji maneno mengi. Tangi huoshwa, mabomba hupulizwa, kabureta hufunguliwa au nozeli hupelekwa kupimwa. Kwenye dizeli upepo hutolewa hatua kwa hatua, kutoka filta hadi pampu hadi nozeli. Heta plagi za injini hizi za zamani zimeungwa kwa mfuatano, moja ikifa zote hunyamaza, na mtu huweza kubadilisha betri mbili kabla ya kugundua hilo. Kuhusu waya, nusu ya hitilafu ni ethi mbovu kati ya bodi ya aluminiamu, chesi na injini. Ethi zote zikwanguliwe hadi metali ionekane. Waya zilizoliwa na panya zibadilishwe nzima badala ya kuungwaungwa.

Mfumo wa magurudumu yote manne huwa umeganda kwa kutotumika. Kitufe cha njano kikibonyezwa chini huunganisha ekseli ya mbele kwenye gia kubwa. Mkono mwekundu ukivutwa nyuma huingiza gia ndogo pamoja na ekseli hiyo. Viungo vyake vikioshwa na kulainishwa mara nyingi hurudi bila kufungua boksi. Gia boksi, boksi la pili na difu zote mbili kila kimoja kina oili yake na plagi yake ya kukagulia. Matairi yawe ya kipimo kimoja, maana ekseli ya mbele na ya nyuma zikiunganishwa huzunguka kwa kasi moja. Kwa sababu hiyohiyo kitufe kile hakitumiki kwenye lami kavu ya barabara kuu ya Same.

Spea hupatikana Moshi na Arusha, na kwa wingi zaidi Gerezani jijini Dar es Salaam na barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi. Spea kuukuu hubebwa hadi dukani ilinganishwe, kwa kuwa Series II, Series III na zilizofuata hufanana machoni na kutofautiana kwenye nyuzi za bolti. Bolti nyingi za magari haya ni za kipimo cha inchi. Spana ya milimita inayokaribia kuingia ndiyo inayovua pembe za nati.

Safari ya majaribio ya kwanza huwa ya tambarare, Ndungu hadi Kihurio na kurudi, mikono ikipima joto la kila kitovu cha gurudumu baada ya kusimama. Kitovu chenye moto kuliko wenzake kina breki inayoshika au bering iliyokazwa mno. Ya pili huwa ndefu, hadi Same kupitia Kisiwani, bila mzigo. Mlima huja wa tatu, na breki hukaguliwa tena kabla yake. Baada ya kilomita 500 hivi, yu-bolti na nati za magurudumu hukazwa upya, oili ya injini hubadilishwa, tapeti hupimwa, na bolti za hedi hukazwa kwa mpangilio kutoka katikati kwenda nje ikiwa gasketi iliyofungwa ni ya aina inayotaka hivyo. Kuanzia hapo propela hutiwa grisi kila baada ya kuvuka mto, na oili za difu hufunguliwa kukaguliwa mwishoni mwa masika na mwishoni mwa vuli.